Pakua kwanza, jenga baadaye: Yocto kwenye kompyuta moja hapa Mtwara

Miongozo mingi ya Yocto, zana za kujijengea mfumo wako wa Linux kwa ajili ya kifaa maalumu, imeandikiwa mtu ambaye intaneti yake haina kikomo na umeme wake haukatiki. Ukiifuata kama ilivyo ukiwa Mtwara au Lindi, unaandika amri moja, kompyuta inaanza kupakua na kujenga kwa pamoja, na kazi haijafika popote bando limekwisha. Ushauri wangu mkubwa ni kutenganisha kazi hizo mbili: pakua kila kitu kwanza, jenga baadaye.

Vifaa ninavyotengeneza hupima joto na unyevu kwenye maghala ya korosho: Raspberry Pi 4 ndani ya boksi ukutani. Umeme wa ghala ukikatika hakuna anayekizima kifaa kwa utaratibu, na mfumo wa kawaida unaoandika kwenye memori kadi muda wote hatimaye huharibika. Kwa Yocto naongeza `read-only-rootfs` kwenye `IMAGE_FEATURES`, mfumo wenyewe unabaki wa kusomwa tu, na vipimo vinaandikwa kwenye patisheni yake ya pembeni. Korosho zikipata unyevu zikaota ukungu, bei mnadani inaanguka. Kifaa kikifa Novemba, msimu umechanganya, anayeumia ni mkulima. Ndiyo maana naona shida ya kujenga imeji yangu mwenyewe, yaani faili la mfumo mzima linaloandikwa kwenye memori kadi, inalipa.

Chagua toleo la scarthgap, yaani 5.0, lililotoka Aprili 2024 na linalohudumiwa kwa muda mrefu. Matabaka yote unayoongeza (makusanyo ya resipi, yaani maelekezo ya kujenga kila programu), `meta-openembedded` na `meta-raspberrypi`, yawe kwenye tawi hilo hilo la scarthgap. Tenga GB 140 kwenye diski ya ext4, mfumo wa faili wa Linux. Kama kompyuta yako ina Windows na unatumia WSL2 (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), weka kazi ndani ya Linux yenyewe, usiiweke chini ya `/mnt/c`, ambayo ni diski ya Windows. Usijenge ukiwa root (mtumiaji mwenye mamlaka yote); BitBake, programu ya Yocto inayofanya ujenzi, itakataa.

Kabla ya amri yoyote fungua faili la mipangilio, `conf/local.conf`, uelekeze `DL_DIR` na `SSTATE_DIR` nje ya folda ya ujenzi. Ya kwanza ndiyo inayotunza vyanzo ulivyopakua, ya pili inatunza kazi iliyokwisha kukamilika. Vikikaa nje, unaweza kufuta folda nzima ya ujenzi ukaanza upya bila kununua bando tena. Kisha, kwenye bando la usiku, andika:

`bitbake core-image-minimal --runall=fetch`

Hii inapakua tu, haikompaili chochote, yaani haigeuzi msimbo kuwa programu. Ikimaliza, weka `BB_NO_NETWORK = "1"` kwenye `local.conf`, zima data, ndipo ujenge kwa amri ile ile bila `--runall=fetch`. Kama kuna resipi inayotaka mtandao, itakuambia hapo hapo. Mara nyingi utakuta ina `AUTOREV`, inayokwenda kuuliza mtandaoni kama kuna mabadiliko mapya. Iandikie namba kamili ya komiti, yaani ya hatua moja mahususi ya msimbo.

Panapotesa watu zaidi ni kerneli, kiini cha Linux. Inapakuliwa kwa Git (programu ya kutunza msimbo pamoja na historia yake), ni zaidi ya gigabaiti moja, na Git ikikatikia njiani haiendelei ilipoishia, inaanza sifuri. Kwa mtandao wetu wa jioni unaweza kuchoma bando lote bila kupata kitu. Mtafute mwenzako Dar mwenye faiba, aendeshe upakuaji huo huo, kwa matabaka yale yale, akiwa ameweka `BB_GENERATE_MIRROR_TARBALLS = "1"`. Hapo kila hazina ya Git inafungwa kuwa faili moja ya tar. Folda yote ya vyanzo aikopi kwenye diski ya nje, diski ipande basi la Mtwara. Ikifika, weka kwenye `local.conf`:

`INHERIT += "own-mirrors"`
`SOURCE_MIRROR_URL = "file:///media/vyanzo"`

BitBake itaangalia hapo kwanza kabla ya kugusa mtandao. Na ukishakuwa nayo, mgawie aliyeko Masasi au Nachingwea. Hakuna sababu kila mmoja wetu alipie kerneli ile ile.

Kwenye ujenzi wenyewe, kinachoua kompyuta ndogo ni RAM. BitBake huhesabu kori za prosesa yako na kuzitumia mara mbili: resipi nyingi kwa wakati mmoja, na ndani ya kila resipi kazi nyingi za kukompaili. Kori nane zinaweza kuzaa kazi 64, na kwa RAM ya GB 8 mashine inaganda. Anza na `BB_NUMBER_THREADS = "2"` na `PARALLEL_MAKE = "-j 4"`. Itachukua muda mrefu, lakini itafika. Diski ikibana ongeza `INHERIT += "rm_work"`, inayofuta mabaki ya kila resipi iliyokamilika. Mpe laptopu feni pia, kwa joto letu la pwani prosesa hupunguza kasi yenyewe.

Umeme ukikatika katikati, usifute kitu. Ukirudi, endesha amri ile ile, itaruka yaliyokamilika. Resipi moja ikigoma kwa sababu faili lake liliandikwa nusu, isafishe hiyo peke yake kwa `bitbake -c cleansstate` na jina lake. Usitumie `cleanall` hata kama umeisoma mahali: inafuta na vyanzo ulivyopakua kwa gharama.

Na kama kifaa chako ni kimoja, kazi yake haibadiliki na hutegemei kuongeza programu kila mwezi, acha Yocto, chukua Buildroot, zana nyingine ya kazi hiyo hiyo. Ni ndogo, inaeleweka haraka, na utaratibu wangu unafanya kazi huko pia: elekeza `BR2_DL_DIR` nje, `make source` ipakue vyote, kisha zima data na uandike `make`. Ila ukibadilisha mpangilio wa msingi, kama aina ya prosesa au kompaila, jiandae kujenga yote upya kuanzia mwanzo.