Mawe Matano Yaliyogusana

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Marehemu bibi yangu alikuwa yaya wa familia moja ya Kizungu kwenye shamba la mkonge huko Muheza. Juzi tumefungua sanduku lake, chini kabisa ya kanga tukakuta picha ya kaburi la mdogo wake yule mama wa Kizungu. Bibi alikuwa akisema kijana huyo alikufia kwenye ndege. Jiwe limeandikwa Air Gunner, 1944, miaka 20. Nyuma ya picha pana neno Reichswald. Kinachonishangaza, mawe matano yamegusana kama meno, mengine yote yameachiana nafasi. Kwa nini? Na mbona hakurudishwa kwao?
M.H., Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Huyo alikuwa mpiga bombomu, yaani bunduki ya rashasha. Ndege kubwa ya mabomu ya Waingereza, kama Lancaster, ilichukua watu saba, na wapiga bombomu wawili: mmoja mgongoni mwa ndege, mwingine peke yake mkiani, ndani ya kibanda cha vioo. Ikianguka na petroli yake na mabomu yake, mara nyingi waliozika hawakuweza kujua kiungo hiki ni cha nani. Basi wakalazwa kaburi moja, na baadaye kila mmoja akapewa jiwe lake, mawe yakabanwa pamoja. Watano hao hawakutenganishika. Kama walipanda saba, wawili huenda walitambulika, au waliruka kwa miavuli wakapona.

Reichswald ni msitu wa Ujerumani karibu na mji wa Kleve, mpakani na Uholanzi. Baada ya vita, makaburi yaliyotawanyika magharibi mwa nchi ile yalihamishiwa pale. Wamelala zaidi ya 7,500. Kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza kilipoteza watu 55,573 kati ya warukaji wapatao 125,000.

Kurudishwa kulikatazwa tangu vita vya kwanza, tajiri asije akamleta mwanawe nyumbani, wa maskini akabaki. Ndiyo maana hata hapa Tanga wamo waliotoka India kuja kupigana Novemba 1914. Afisa na askari wa kawaida, jiwe ni lile lile. Lakini wapagazi wetu wa vita hivyo vya kwanza, wale wa Carrier Corps walioipa Kariakoo jina lake, usawa huo hawakuuonja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kuwa maelfu kwa maelfu hawakuandikwa hata majina. Hilo siwezi kulipita kimya.

Tume hiyo ina orodha kwenye intaneti. Andika jina la ukoo lililo kwenye jiwe na mwaka. Namba ya kaburi ikija kwa mtindo wa 4-8, yaani kuanzia la 4 hadi la 8, ndiyo hayo matano yako.

Halafu chukua penseli, si kalamu ya wino, uandike nyuma ya picha na jina la bibi yako. Yeye ndiye aliyeitunza.