"Mama, Mimi Nimeshamaliza"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu ana miaka 15, alipata kipaimara Desemba. Tulimshonea suti, tukachinja mbuzi, ndugu wakaja mpaka kutoka Dodoma. Tangu Januari hakanyagi kanisani. Nikimwamsha Jumapili anajibu, "Mama, mimi nimeshamaliza." Baba yake anataka kumchapa. Nifanyeje?
Mama Kijana, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Fimbo iwekeni kwanza.

Nimefundisha kipaimara miaka 19, na hilo "nimeshamaliza" tumemfundisha sisi wenyewe. Miaka miwili anakariri Katekisimu, kile kitabu cha mafundisho ya imani, kila Jumamosi, mwisho wake suti, keki na picha. Angeachaje kudhani ni mahafali? Martin Luther, mwasisi wa Ulutheri wetu, alipotoa Katekisimu Ndogo mwaka 1529, alitaka baba mwenye nyumba aifundishe kwake nyumbani. Sisi tumemtwika mwinjilisti mzigo wote.

Anza na maswali yake. Hapa nilikosea mwenyewe. Mwanangu wa pili, akiwa na miaka 14, tulikuwa jikoni tunamenya ndizi za mtori. Akaniuliza mbona tulimwombea bibi mwezi mzima na bado akafa. Nikamkemea: "Usimkufuru Mungu!" Akaendelea kumenya, kimya. Hakuniuliza tena jambo la imani mpaka alipomaliza kidato cha nne. Kumbe swali lile lilikuwa linaninyima usingizi hata mimi! Ningemwambia hivyo, nikamfungulia Zaburi ya 13, Daudi anapomlalamikia Bwana, "Hata lini?"

Kwa hiyo acha kumuuliza kwa nini haendi. Muulize ni neno gani la mahubiri lisilomwingia akilini, halafu unyamaze, hata akikuudhi. Na jioni sali kwa sauti akiwepo, utaje shida zenu zilivyo, hata ada mliyokosa.

Kanisani, zungumza na mzee wa kanisa wa mtaa wenu ampe kazi. Kuimba kwaya si lazima, wengine sauti hatuna. Usharikani kwetu kijana mmoja tuliyekuwa tumempoteza alipewa kushika mitambo ya sauti. Mwenzake ndiye anayezungusha jogoo wa sadaka kwenye mnada baada ya ibada, na kwa kupandisha bei hakuna mzee anayemfikia. Siku hizi wanafika kabla ya mchungaji.

Jambo moja hukuliandika. Huyo baba anayetaka kuchapa, yeye Jumapili huwa yuko wapi? Niandikie tena.