Mhusika asiyeamini Mungu asiwe kichekesho

Ndugu wa Kirumba, Mwanza, umeuliza kwa nini daktari wako asiyeamini Mungu anaonekana mjinga katika filamu yako ya kutisha ya dakika 15. Ni kwa sababu umemuua dakika ya 4, kabla hajapata nafasi ya kuwa sahihi hata mara moja. Hapo hiyo si hofu tena, ni mahubiri.

Mpe matukio matatu ya kutisha, na mawili ya kwanza ayaeleze kisayansi, tena sawasawa. Ziwa litakusaidia. Taa zinazoelea gizani ni karabai za wavuvi wa dagaa. Weka tukio usiku usio na mbalamwezi, ndipo wanapotoka. Mkoromo unaosikika kama uko mlangoni ni kiboko wa mbali: usiku hewa baridi iliyolala juu ya maji huipinda sauti irudi chini, ikafika mbali. Mtazamaji akishamwamini, tukio la tatu ndilo litakalomtisha, nawe usilieleze.

Tofautisha pia mkana Mungu na mwenye shaka. Katika filamu ya The Exorcist (1973) anayeyumba ni padri mwenyewe, tena daktari wa akili, na msichana aliyepagawa na pepo hupimwa hospitalini kwanza. Shaka ya padri ina uzito kwa sababu ana cha kupoteza. Daktari wako atapoteza nini? Andika hilo kwanza.

Yule bibi mwenye macho mekundu mtoe kabisa. Macho huwa hivyo kwa moshi wa jikoni, na Usukumani vikongwe wameuawa kwa dhana kwamba mwenye macho mekundu ni mchawi.