Soma maandishi ya kwenye lenzi, achana na boksi

Siku ya mahafali ya binti yangu nilikaa safu ya nyuma kabisa ya ukumbi, kamera mpya ya video mkononi, roho kwatu. Boksi lake lilikuwa limejinadi kwa herufi za kung'aa: 4K, megapikseli 48, zumu 16X, yaani kuvuta karibu mara 16. Jina la mtoto likaitwa, nikabonyeza kitufe cha kuvuta. Picha ilikuja karibu, sikatai, ila kadiri ilivyokuja ndivyo uso ulivyogeuka vipande vya mraba kama sakafu ya vigae. Mama yangu alipoitazama ile video aliniuliza, "Mwanangu, sasa hapa mjukuu wangu ni yupi?" Nikamwonyesha joho jeusi linalopokea karatasi nyeupe.

Nilikuwa nimenunua zumu ya kidijitali bila kujua. Ndani ya kamera ile hakuna kioo hata kimoja kilichosogea. Kazi yake ilikuwa kukata kipande cha katikati ya picha na kukitanua mpaka kijaze skrini, jambo ambalo ningeweza kulifanya mwenyewe nyumbani kwa vidole viwili. Zumu ya kweli ni ya lenzi: vioo vinasogea, kitu kinavutwa kabla mwanga haujaifikia sensa, kile kidude kinachoupokea na kuugeuza picha, na kila pikseli, yaani kila kidoti cha picha, inabaki na kazi yake. Kwenye boksi hiyo ndiyo huitwa Optical, ile ya ulaghai huitwa Digital. Wapo pia wanaozichanganya zote mbili ili wapate namba ya kutisha. Na zile megapikseli 48, yaani pikseli milioni 48? Kwenye kamera nyingi za aina ile sensa haina hata nusu yake; programu inazibuni zilizobaki.

Tangu hapo mimi na maboksi hatuelewani. Nikishika kamera naigeuza nisome maandishi madogo yaliyozunguka lenzi, kwa sababu pale ni vigumu kudanganya. Chukua Canon PowerShot SX530 HS, ambayo bado hupatikana zilizotumika. Lenzi yake imeandikwa 4.3-215.0mm 1:3.4-6.5. Gawanya 215 kwa 4.3, unapata 50. Hiyo ndiyo zumu yake, 50X, na imetoka kwenye lenzi yenyewe. Ukikuta kamera ina namba moja tu ya milimita, lenzi hiyo haivuti kitu, hata boksi liseme nini.

Namba mbili za mwisho watu wengi huzipita, na ndizo zilizonitesa baadaye. Zinaeleza upana wa tundu linaloingiza mwanga, na hapa namba kubwa maana yake tundu dogo. Lenzi ikiwa haijavuta iko 3.4, ikivuta hadi mwisho inapanda mpaka 6.5. Ukipiga hesabu, mwanga unaoingia unapungua zaidi ya mara tatu na nusu. Nje, juani, hutaona tofauti kubwa. Ndani ya ukumbi wenye taa za manjano kamera inaanza kuhangaika, inaongeza usikivu wa sensa, na picha inajaa chenga. Kwa hiyo kama kazi zako ni za ndani, bora zumu fupi yenye namba ndogo mwishoni kuliko zumu ndefu inayoishia gizani. Panasonic FZ300 inavuta 24X tu, lakini inabaki 2.8 mwanzo hadi mwisho. Watu huidharau kwa sababu ya hiyo 24.

Halafu jiulize unahitaji kufika mbali kiasi gani hasa. Zumu ni uwiano tu, haisemi lenzi imeanzia wapi, ndiyo maana watengenezaji hutaja pia kipimo kinacholingana na kamera za filamu za milimita 35. Kamera ya 30X inayoanzia milimita 24 inafika 720. Kwa urefu huo, ukimlenga mtu aliye mita 30 kutoka ulipo, picha inabeba upana wa mita moja na nusu hivi: kichwa, mabega, na mikono inayopokea cheti. Unataka nini tena? Nikon P1000 ya mwaka 2018 inafika 3000, yaani 125X, unaweza kuhesabu mashimo ya mwezini. Ni kamera ya ajabu, lakini ina uzito wa kilo moja na zaidi, na kwa mtu anayerekodi watoto jukwaani ni sawa na kununua trekta la kulimia bustani ya mchicha.

Kamera yangu ya pili ilikuwa ya picha, yenye zumu ndefu, na niliipeleka harusini kwa majivuno. Pale nilijifunza mambo matatu ndani ya saa moja. Kwanza, ukivuta hadi mwisho hata pumzi yako inatikisa picha. Bwana harusi alikuwa akiruka ruka kama yuko kwenye lori. Kamera iwe na kitulizaji cha ndani ya lenzi, na bado utafute stendi au uegemee nguzo. Pili, kila nilipovuta, mota ya lenzi ilinguruma na kinasa sauti kikaidaka. Tatu, hotuba ya baba mzazi ilikatika katikati bila mimi kushtuka. Kamera nyingi za picha za miaka ya nyuma hukoma kurekodi zikifika dakika 29 na sekunde 59, kwa sababu Ulaya ilikuwa na ushuru wa forodha kwa kifaa kilichohesabiwa kuwa kamera ya video, na watengenezaji waliukwepa kwa kufupisha muda. Usipobonyeza upya, ndiyo basi.

Hapo ndipo utaamua kati ya kamera ya picha na kamera ya video. Unarekodi hotuba, tamthilia au mechi nzima? Tafuta kamera halisi ya video, hata ya zamani kidogo: inavuta polepole bila kelele na inarekodi mpaka betri au memori kadi iishe. Ziache tu zile za kanda za MiniDV, maana kuhamisha picha zake kwenye kompyuta ya leo ni safari nyingine. Unapiga zaidi picha za kawaida, na video ni za dakika mbili tatu? Kamera ya picha inatosha. Vyovyote vile, nunua betri ya pili.

Yangu ya sasa niliinunua ikiwa imetumika. Nilikwenda na memori kadi yangu mwenyewe. Kwanza nilimulika lenzi kwa tochi ya simu nikitafuta fangasi, ambao huonekana kama utando wa buibui ndani ya kioo. Nikavuta na kurudisha mara kumi nikisikiliza kama inakwaruza. Kisha nikasimama mlangoni, nikavuta hadi mwisho nikilenga kibao cha namba za gari lililoegeshwa mbali, nikahesabu sekunde mpaka namba zisomeke. Ya kwanza ilitafuta fokasi, yaani ukali wa picha, ikapotea, ikaenda ikarudi, mpaka gari likaondoka. Ya pili iliganda. Ya tatu ilisomeka vizuri nje, lakini nilipoielekeza kwenye kona yenye giza ya duka ikatoa chenga tupu. Muuzaji alishaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Ya nne ilishika ndani ya sekunde moja, nje na ndani, na ilikuwa imechubuka kila upande na kifuniko cha betri kimefungwa kwa gundi ya karatasi. Ndiyo niliyoichukua.