Filamu ya michango kukataliwa na databesi za mtandaoni: yaliyotukuta sisi

Mkuu pole sana. Umesema filamu yenu ya dakika 40 mmeitengeneza kwa michango ya watu, mkaipandisha YouTube, afu databesi ya filamu (zile tovuti zinazoorodhesha filamu na waliozitengeneza) imewakataa mara mbili, na sasa mwenzako anataka mkatengeneze ukurasa Wikipedia kwanza. Msifanye hivyo, sisi tulianzia hukohuko.

Sisi tuko Tanga, filamu yetu inahusu wavuvi. Walichanga watu 214 kupitia grupu la WhatsApp na namba moja ya simu, wengine elfu mbili, wengine elfu tano, mzee mmoja pale soko la samaki la Deep Sea hakuwa na hela akaleta samaki tukawapikia waigizaji siku mbili nzima. Tulipomaliza kuhariri tukajua iliyobaki ni ndogo tu, majina ya hawa watu yaonekane mtandaoni. Kumbe bado kabisa.

Databesi moja kubwa ilitukatalia mara tatu. Tulikuwa tunawapelekea ukurasa wetu wa Facebook, link yetu ya YouTube na skrinishoti za miamala, na nilikuwa nasikia uchungu kweli kwa sababu kwangu ile miamala ndo ushahidi mkubwa kuliko wote. Ila ukiangalia upande wao, yote hayo tumejisemea wenyewe. Mchango unaonyesha watu waliamini filamu itatengenezwa, hauonyeshi kwamba ilitoka ikatazamwa. Wanamtaka mtu baki, asiyekula nanyi sahani moja, aseme filamu hii ilionyeshwa mahali fulani tarehe fulani. Wikipedia ndo wakali zaidi, wanataka vyombo huru viwe vimeiandika kwa kina, na IMDb, ile databesi kubwa ya filamu, hawaihesabu kama chanzo cha kuaminika maana taarifa zake nyingi zinajazwa na watumiaji. Kwa hiyo huwezi kutumia mmoja kumfungulia mwenzake mlango, mtazunguka tu.

Watu watakutolea mfano wa Wakaliwood, ile studio ya filamu za bajeti ndogo ya Kampala. Ni kweli 2015 waliomba dola 160 tu Kickstarter (tovuti ya kuchangisha hela) wakapata zaidi ya 13,000, lakini treila ya filamu yao Who Killed Captain Alex? ilikuwa inasambaa YouTube tangu 2010 na waandishi wa nje walishaanza kuwafuata wenyewe. Wao habari zilitangulia hela. Sisi na nyie tuna hela kwanza, habari hatuna, ndo maana inatuwia ngumu.

Kilichotuvusha ni hivi. Tulipeleka filamu Bodi ya Filamu tukapata cheti chenye daraja la umri, tukaomba tamasha moja dogo likatupokea na jina likatoka kwenye ratiba iliyoko kwenye tovuti yao (hiyo ratiba ilitusaidia kuliko chochote, hata ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, jaribuni), na mtangazaji wa redio ya hapa aliyekuja kwenye onyesho akaandika habari yake mwenyewe, hatukumlipa wala hatukumwandikia. Ombi la nne likapita. Wakati mnasubiri, ingizeni TMDB, databesi nyingine ya filamu, pale mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuongeza filamu, na Letterboxd, mtandao wa watu kuandika maoni yao juu ya filamu, inachukua taarifa zake hukohuko kwa hiyo mnatokea sehemu mbili kwa kazi moja.

Lingine ambalo hukuuliza ila litakusumbua ni majina. Sisi kila aliyetoa laki tano tulimwahidi aitwe prodyuza mtendaji, tukajikuta nao 14 kwenye filamu ya milioni tisa, na nadhani hiyo nayo ilitutia mashaka machoni pao. Wachangiaji wawekwe kwenye shukrani, sehemu hiyo ipo. Na majina yetu yanafanana sana mkuu, IMDb inawatofautisha wenye jina moja kwa namba za Kirumi, sasa fundi sauti wetu nilimjaza haraka haraka nikambandika kwa mtu mwingine kabisa mwenye jina lake, kurekebisha ikachukua wiki kadhaa na kijana wa watu alikuwa anafungua simu kila siku kuangalia. Andikeni majina matatu, vilevile kama yalivyo kwenye filamu.

Yule mzee wa samaki yupo kwenye shukrani, majina yake yote matatu.

Ombi la tatu usilitume kwanza. Subiri tamasha litoe ratiba, afu weka link hapa niipitie.