Chumba cha futi 10 kwa 12, nichukue spika gani?

SWALI: Fundi wetu, jambo sana. Mimi niko Arua, nimepanga chumba kimoja, futi 10 kwa 12, kuta za tofali na plasta, chini simenti. Napenda rumba, na kwenye rumba mimi nasikiliza gita la besi, nataka nilisikie noti kwa noti. Nimekusanya pesa kidogo, dukani wananionyesha spika mbili kubwa zenye wufa, ile koni ya besi, ya inchi 12, zimeandikwa wati 3000 PMPO, wanasema besi yenyewe ndiyo hiyo. Nichukue? (Msomaji, Arua)

JIBU: Ndugu yangu usichukue, pesa ikae kwanza mfukoni umalize kusoma hapa.

Hiyo 3000 tuitoe njiani haraka. PMPO, yaani nguvu ya kilele, haina kipimo kimoja kinachofuatwa na viwanda vyote, kila mtu anaandika anavyopenda. Geuza hiyo spika uangalie nyuma pale waya wa umeme unapoingilia, kuna kikaratasi kimeandikwa volti 240, hezi 50, halafu wati inazokula, ukikuta ni 60 basi jiulize, kitu kinachokula 60 kitatoa wapi 3000? Wewe uliza wati za RMS, yaani zile inazotoa mfululizo bila kuchoka, na kwa chumba chako hata 30 kila upande zinatosha kabisa, maana ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, ambazo sikio linaziona ni kidogo.

Sasa besi yenyewe, na hapa ndipo watu wanapoteza pesa zao. Kwenye chumba kidogo chumba chenyewe ni sehemu ya spika. Sauti kwenye joto letu inakwenda kama mita 346 kwa sekunde, futi 12 ni mita 3.66, kwa hiyo nusu ya wimbi la hezi 47 hivi, yaani mitetemo 47 kwa sekunde, inaingia humo kamili, inagonga ukuta inarudi inajikuta yenyewe, inavimba. Upande wa futi 10 ni hivyohivyo kwenye hezi 57. Na uzi wa A wa gita la besi, ukipigwa bila kubanwa, ni hezi 55. Umeona hapo? Mpiga besi akigusa A chumba kizima kinaitika, akishuka kwenye E ya chini, hezi 41, hakuna wimbi la chumba la kumbeba, kwa hiyo noti moja inanguruma nyingine zinamezwa, halafu mtu anasema spika hii besi yake mbaya wakati spika haina kosa.

Mimi nilikaa muzigo mmoja Jinja, chumba kimoja cha kupanga, saizi kama yako, nikaingiza humo inchi 12 mbili. Komeo la dirisha lilikuwa linalia tik-tik-tik kwenye noti ileile kila wimbo, chai kwenye kikombe inachora viduara, na mimi nimekaa kwenye kiti katikati ya chumba besi siipati, napandisha volyumu, jirani anagonga ukuta. Siku moja nikavuta kiti nyuma kama hatua moja na nusu ili nifagie, nikakaa hapohapo kupumzika, na gita lote la besi likaja mbele yangu! Katikati kabisa ya urefu wa chumba lile wimbi la kwanza halisikiki, na ukiegemea ukuta linakujaa kupita kiasi. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote sogeza kitanda, kiti kisikae katikati wala kisibanane na ukuta.

Ukienda dukani tafuta wufa ya inchi 5 mpaka 6 na nusu, na kama utapata boksi lililozibwa pande zote, bila tundu, chukua hilo. Kazi hii watu wameifanya zamani, mwaka 1954 kule Marekani Edgar Villchur alitoa spika ya AR-1, boksi limezibwa, hewa ya ndani ndiyo springi ya wufa, ikashuka chini vizuri kuliko makabati makubwa ya wakati ule. Boksi lililozibwa besi yake inapungua polepole ukishuka, na chumba kidogo chenyewe kinainua zile sauti za chini kabisa, basi vinakutana. Lenye tundu linakwenda chini mpaka mahali fulani halafu linaanguka ghafla. Siyo baya, ila likikaa karibu na ukuta linavimba, ukishalinunua na ukasumbuka sokomeza soksi kwenye tundu usikilize tena, inasaidia kweli. Na kona zikimbie, kona inaongeza besi lakini ni ile besi ya noti moja.

Nenda na wimbo unaoujua, ufuate besi kwa mdomo, mm-mm-mm, noti zote. Ukipotea katikati, hiyo spika waachie.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nimenunua spika za mitumba kutoka Uingereza, sura nzuri, ila nikizifunga besi hakuna na sauti ya mwimbaji haijulikani inatokea upande gani. Nimeibiwa? (Msomaji, Kasese)

JIBU: Pengine hapana dada. Hiyo dalili ya mwimbaji kupotea inaniambia spika moja waya zimegeuzwa, moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, zinauana. Hakikisha nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Kama bado, zichomoe kwenye amplifaya, chukua betri ndogo ya tochi ya volti 1.5, chanya kwenye nyekundu, gusa mara moja tu, wufa iruke nje. Ile itakayoingia ndani kuna fundi aliifungua akakosea, geuza waya zake. Ukiwa hapo bonyeza taratibu kwa kidole ule mzunguko unaoshika koni, wa mpira hauna neno, ila ukiwa wa sponji na ukabaki unga kwenye kidole, sponji imeoza, tafuta fundi wa kubadilisha mzunguko peke yake, koni usimruhusu aitupe.