Maswali ya Wasomaji: Mwelmu Chotara Uitwao Lutèce

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasomea misitu, na katika masomo yangu nimekutana na mti wa Ulaya wa jenasi ya Ulmus ambao chotara wake mmoja, Lutèce, unasifiwa kwa kustahimili ugonjwa ulioua mamilioni ya miti ya jamii yake. Naomba kujua chotara huo ulipatikanaje, na kama ni sahihi kusema kwamba ugonjwa wenyewe umekwisha kushindwa.

JIBU: Ndugu msomaji, kwa kuwa Kiswahili hakina jina lililozoeleka la mti huu, hapa tutauita mwelmu, na wingi wake mielmu. Utautambua kwa jani lake, ambalo upande mmoja huanzia chini zaidi kwenye kikonyo kuliko upande wa pili, na ambalo katika spishi nyingi hukwaruza kidole mithili ya jani la msasa.

Lutèce ilizalishwa Wageningen, Uholanzi, ambako kazi ya kutafuta mielmu yenye kustahimili ugonjwa ilianza mwaka 1928. Mzazi wake mmoja ni Plantyn, ambayo nayo ni chotara na katika nasaba yake kuna mwelmu wa milima ya Himalaya; mzazi wa pili ni mche uliotokana na aina iitwayo Bea Schwarz baada ya kuchavushwa kwa chavua yake yenyewe. Mche uliopatikana ulipelekwa Ufaransa, na huko watafiti wa misitu waliufanyia majaribio kwa muda wa miaka ipatayo 20, wakiuambukiza ugonjwa kwa makusudi ili waone utafanyaje. Mwaka 2002 ndipo ulipotolewa kwa wapandaji, ukapewa jina la kale la jiji la Paris.

Swali lako la pili ndilo lenye uzito. Ugonjwa wenyewe huitwa ugonjwa wa mielmu wa Kiholanzi, jina ambalo si la haki sana, kwa sababu Waholanzi hawakuuleta bali ndio waliotangulia kuuchunguza. Bea Schwarz, ambaye jina lake limebaki katika nasaba ya Lutèce, ndiye mtafiti aliyeonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwamba chanzo chake ni kuvu. Kuvu hiyo husafirishwa na mbawakawa wadogo wanaozaliana chini ya magome ya mielmu iliyo mahututi, kisha wakaruka kwenda kutafuna magome ya vitawi vya miti yenye afya, na kwenye jeraha hilo dogo vijimbegu vya kuvu huingia katika mishipa inayopandisha maji. Mti, katika kujaribu kumzuia adui asisambae, huziba mishipa yake wenyewe, na hivyo majani hunyauka katikati ya kiangazi wakati miti jirani imejaa kijani. Ukikata kitawi kilichonyauka na kukiangalia pale kilipokatwa, utaona vidoa vya kahawia vimejipanga duara karibu na gome. Mielmu iliyopandwa kwa safu huwa katika hatari zaidi, kwa maana mizizi yake huungana ardhini na kuvu hupita kutoka mti hadi mti bila hata kuhitaji mdudu.

Sasa tazama yaliyoipata Commelin, chotara nyingine ya Uholanzi. Ilitolewa mwaka 1960 baada ya kupimwa dhidi ya kuvu iliyojulikana wakati huo, ikapandwa kwa wingi kwa imani kwamba jawabu limepatikana. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ikaenea kuvu ya aina nyingine, kali kuliko ile ya kwanza, na Commelin haikuiweza. Kuvu hiyohiyo iliua zaidi ya mielmu milioni 25 nchini Uingereza. Sehemu kubwa ya hasara ya Waingereza ilitokana na tabia ya mwelmu wao wa kale, ambao huongezeka kwa machipukizi ya mizizi badala ya mbegu, kiasi kwamba uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa miti iliyoenea nchini humo ilikuwa, kwa asili, mti mmoja uliojirudia. Kilichoweza kuua mmoja kiliweza kuua yote.

Ndiyo maana siwezi kukuambia kwamba ugonjwa umeshindwa, ingawa ninaipenda Lutèce na ninawaheshimu walioihangaikia. Kustahimili si kutoambukizwa: kuvu inaweza kuingia ndani ya Lutèce, ila mti huweza kuidhibiti na kuendelea kuishi. Zaidi ya hayo, Lutèce huongezwa kwa vipando vya matawi, kwa hiyo kila mti wa Lutèce ulioko bustanini au barabarani ni nakala ya mche uleule wa Wageningen. Anayepanda barabara nzima kwa Lutèce peke yake anairudia hali ileile iliyowaponza Waingereza. Ushauri wangu ni kwamba mpandaji aichanganye na chotara nyingine zenye nasaba tofauti, na pia na miti ya jenasi nyingine kabisa.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni seremala. Nimesikia kwamba mbao za mti huo zina sifa ya pekee. Je, chotara hizi zinafaa kwa mbao, au ni mapambo tu? Na je, ni kweli gome lake ni dawa?

JIBU: Fundi, sifa uliyosikia ni ya kweli, lakini ilipatikana kwa mielmu ya zamani. Nyuzi za mbao yake zimesukana, hazikwenda sambamba, na kwa hiyo ni shida kuipasua kwa shoka au kabari. Kwa sababu hiyo waunda magari ya kukokotwa na farasi waliichagua kwa kitovu cha gurudumu, mahali ambapo mbao nyingine ingepasuka kwa kutobolewa matundu mengi ya njiti, na maseremala wa viti waliitumia kwa ubao wa kukalia, ambao nao hutobolewa ili kupachika miguu. Ikikaa majini wakati wote haiozi upesi; London ilipata kuwa na mabomba ya maji yaliyotengenezwa kwa magogo ya mwelmu yaliyotobolewa katikati, na mbao zake zilitumika pia kwa mikuku ya meli. Ikilowa na kukauka kwa zamu, huoza. Lutèce bado ni changa mno kutoa magogo ya namna hiyo, na kwa sasa hupandwa zaidi kwa ajili ya kivuli mijini na kurudisha miti mikubwa mashambani, kwa kuwa mielmu huvumilia upepo na hewa ya chumvi ya pwani.

Kuhusu dawa, gome la ndani lenye utelezi linalouzwa kama dawa ni la Ulmus rubra wa Amerika ya Kaskazini, ambao ni spishi nyingine. Usitumie gome la Lutèce badala yake.

Kuna matumizi mengine ambayo hukuyauliza, nami nisingependa yapite. Huko Ulaya yuko kipepeo mdogo wa kahawia mwenye mstari mweupe chini ya bawa, uliopinda kama herufi W, ambaye viwavi wake hula maua na majani ya mwelmu peke yake. Mielmu ilipokufa naye alipungua, na wahifadhi wa vipepeo kusini mwa Uingereza wamepanda Lutèce ili apate tena mahali pa kutagia. Inabidi wasubiri kwa muda, kwani kiwavi anayeanguliwa mwanzoni mwa majira ya kuchipua huanza kwa kula maua, na mti mchanga hukaa miaka kadhaa kabla ya kuchanua.